Taarab ni Kukaa Kitako

Ulimi hauna mfupa, na wa Bi Reem ulishawaponza wengi kabla ya kumponza mwenyewe. Mwanawe wa pekee, Khalil, alikuwa anaoa Makunduchi, na mtaa mzima wa Mkunazini ulisikia kiapo cha Bi Reem: "Wallahi, ikipigwa taarab nnakaa. Ikipigwa ngoma ya shamba, nnapanda gari nnarudi zangu mjini." Majirani wakamtuma Bi Nunu afuatane naye, awe shahidi.

Huko uani kwa mama wa bibi harusi, Bi Salhiya, wapigaji walikuwa Mabrouk na fidla yake, vijana wawili wenye vigoma, na mmoja aliyelifunga kamba kasha la chai likawa besi.

"Na kasha lile?" Bi Nunu akanong'ona.

"Penye fidla pana taarab," Bi Reem akajibu, akajiweka vizuri kitini. Alikuwa hajamwona mke wa mwanawe akitolewa, na roho yake yote ilikuwa kwenye mlango atakaotokea.

Wimbo wa pili tu, uzi wa fidla ukakatika. Mabrouk akatoka mbio kutafuta mwingine, na wenzake, watu wasio na haya hata chembe, wakaendelea bila yeye.

"Bi Reem, fidla imeondoka."

"Imetoka tu. Wewe ukenda chooni, nyumba inakuwa si yako?"

"Na watu washainuka, wanacheza."

"Mie nimekaa. Taarab ni kukaa kitako."

Masikini, mabega yakaanza bila ruhusa. Akayashika kwa mikono. Kiuno kikakosa wa kukishika. Kiti kikaanza kuruka. Kikabanduka ukutani, kikampita Bi Nunu, kikaingia katikati ya wachezaji, Bi Reem juu yake, amekaa vilevile.

Bi Salhiya alipomwona, naye akavuta kiti, akaanza kuruka nacho. "Na mie nimo kwenye taarab, mwenzangu!" Vigelegele vikapasuka, kila mwanamke akagombania kiti. Bi Nunu alinyang'anywa hata chake.

Hapo bibi harusi akatolewa. Bi Reem alimwona, akalia kwa furaha, na hakuacha kuruka.

Mabrouk akaingia anahema, fidla ina uzi mpya. Akainua upinde.

"Wee Mabrouk!" Bi Reem akapiga ukelele. "Weka chini hiyo fidla! Utatuharibia taarab!"