Gari la Baba Chini ya Turubai

Kaka yangu ana akili nyingi mno, na zote amezielekeza kwenye vitufe vya milango. Mtaani wanamwita Orijino, kwa sababu ndilo neno lake la kwanza akiamka na la mwisho kabla ya kulala. Kitufe hiki si orijino. Uzi huu si orijino. Mimi mwenyewe, dada yake wa tumbo moja, nadhani ameshanikagua akaniacha tu kwa kuwa spea hazipatikani.

Gari lenyewe ni la Baba. Alilinunua kabla hatujazaliwa, akalitunza kuliko alivyotutunza sisi, kisha likakaa nyuma ya nyumba mpaka kuku wakahamia kiti cha nyuma. Mwaka jana daktari wa macho akamwambia kwamba presha ya macho imeshamla jicho moja na sasa inamalizia la pili. La kufanya halikuwepo, isipokuwa kuichelewesha kidogo kwa matone. Baba hakulalamika. Alisema tu angependa kuliona gari lake likiwa zima kabla hajawa kipofu.

Hapo ndipo kaka akapata wazo. Tulitengeneze ndani kote, viti, milango, dashibodi, dari, lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Mimi ni fundi wa viti vya magari, kwa hiyo hakuniomba, alinipangia. Nikakubali kwa moyo mkunjufu. Kisha akaongeza kwamba iwe sapraizi, Baba asilione hata kidogo mpaka likamilike.

Yaani mtu anapoteza macho, na mwanawe anamfichia kitu pekee anachotaka kukiona. Akili za namna hiyo hazifundishwi, mtu huzaliwa nazo.

Gari likaletwa gereji kwangu, likafunikwa turubai. Nikang'oa viti, nikatupa sponji lililooza pamoja na yai moja lililosahaulika, nikachonga sponji jipya. Rexini, ile ngozi bandia ya kufunikia viti, ilikuwa nyekundu iliyokolea, na hapo ndipo kazi iliposimama. Kila jioni kaka alikuja na kipande kingine cha nyekundu, akakiinua juani kama daktari anayesoma picha ya mapafu.

"Hii imezidi kukolea."

"Ni ileile ya jana, Kaka."

"Jana mwanga ulikuwa tofauti."

Nyumbani, Baba alikuwa ameanza kumimina chai nje ya kikombe. Asubuhi moja alilisalimia koti langu lililotundikwa mlangoni, akaliuliza habari za kazi. Nilijifungia jikoni nikalia. Nilipotoka nilikwenda moja kwa moja kwa kaka.

"Macho ya Baba yanaisha."

"Ndiyo maana nataka aone kitu sahihi."

"Ataona kwa macho ya nani?"

"Wewe una haraka, dada. Ndiyo maana mishono yako inapinda."

Mishono yangu haijawahi kupinda tangu nishike sindano. Lakini nilirudi kwenye cherehani yangu, maana kubishana naye ni kupoteza siku, na siku ndizo tulizokuwa tukizihitaji.

Kaka aliposafiri kwenda kutafuta kifuniko cha sahani ya majivu, kwa ajili ya gari ambalo ndani yake hakuna mtu aliyewahi kuvuta sigara, nilimalizia kushona viti kwa nyekundu ileile, kisha nikamshika Baba mkono nikampeleka gereji mchana kweupe. Nikavuta turubai. Wakati huo alikuwa akiona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, kwa hiyo aliliangalia gari kipande kwa kipande, pua ikikaribia kugusa rexini.

"Uzi mweupe," akasema. "Umekumbuka."

"Nimekumbuka, Baba."

Akaketi kwenye usukani, akainua uso. "Na dari ya krimu! Marehemu mama yako alikuwa akiisugua kwa sabuni mpaka mikono inamuuma." Akacheka peke yake, akaitazama muda mrefu. Sijawahi kufurahi vile katika kazi yangu. Tulipokuwa tukitoka akaniambia, "Kaka yako asijue. Amehangaika sana. Siku yake ikifika, nitashangaa."

Kaka akarudi na kifuniko, na kwa bahati mbaya akarudi pia na picha ya zamani ya gari kama lile.

"Dari ilikuwa kijivu," akatangaza. "Hiyo krimu mtu aliibandika baadaye. Ng'oa."

Nikang'oa. Wakati gundi ya dari mpya ya kijivu inakauka, jicho la pili la Baba likazima. Aliniambia mimi tu, na akanikataza kusema mpaka sherehe ya kulifunua gari ipite.

Siku ya sherehe shangazi zetu walikaa mbele, majirani nyuma, soda mkononi. Kaka akatoa hotuba ndefu kuhusu vitufe. Kisha akalivuta turubai, watu wakapiga makofi, na Baba, mkono wake ukiwa kwenye wangu, akafungua mdomo kama aliyemwagiwa maji.

"Loo! Nyekundu yenyewe! Na uzi mweupe!"

Kaka akanigeukia, meno yote nje. "Unaona? Ulikuwa unanikimbiza bure."

Nikamwingiza Baba kwenye gari. Akashika usukani, akainua uso, akatabasamu. Habari za kijivu hakuna aliyekuwa amempa.

"Na dari, mwanangu! Krimu ileile ya mama yenu."

Shangazi mkubwa alitaka kusema kitu, nikamkanyaga mguu. Kaka aliitazama dari. Halafu akayatazama macho ya Baba, ambayo yalikuwa yameelekea ukutani. Akachuchumaa mlangoni pa gari taratibu, suruali yake mpya ikiburuzika vumbini. Huyu ndiye aliyewahi kubishana na muuza rangi mpaka duka likafungwa.

"Ndiyo, Baba," akasema. "Krimu."

Baba akapapasa hewani mpaka akalipata bega lake.

"Umewahi, mwanangu," akamwambia. "Ungechelewa kidogo tu, nisingeliona."