Rejeta Inayovuja

Mama mkwe wangu alikuwa na figo zilizogoma, na bila mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa juma, maji yangemjaa mwilini mpaka kifuani. Hospitali yenye mashine iko juu ya kilima, nje ya mji. Ndiyo maana mke wangu na dada yake walinunua gari.

Kigari chenyewe kilikuwa cheupe, kifupi, kilichokwisha kutumika, na mlango wa nyuma uliofunguka kwenda juu ili kiti cha magurudumu kiingie bila ugomvi. Mke wangu akakiita Kidonge. Dalali alikisifia kama anayeoza binti yake. Fundi tuliyekwenda naye hakusifia kitu. Alilala chini yake, akatoka na mgongo uliojaa vumbi, akasema, "Injini haina neno. Rejeta ndiyo inavuja, mtaitia maji kila asubuhi. Halafu hiyo sindano ya joto kwenye dashibodi imekufa, msiiangalie kabisa, itawadanganya." Wakanunua hivyohivyo, kwa sababu mgonjwa hasubiri gari zuri.

Mimi usukani siugusi. Nina jicho moja linaloona, na mama mkwe alipenda kunitania kwamba hata hilo moja linaangalia chakula tu. Nilikaa naye kiti cha nyuma, mkwe na mkwe, magoti yamebanana, adabu zote zimeishia hapo. Nilimpenda yule mwanamke. Nalisema hili mapema, kwa sababu mbele nitamsema vibaya.

Mpango ulikuwa kwamba mama na gari wahame pamoja: juma moja kwetu, juma moja kwa dada mkubwa. Ulikwenda vizuri mpaka mke wangu aliporudi nyuma bila kuangalia, akagonga nguzo ya geti, kisha akakana. Dada mtu alipita kidole kwenye mkwaruzo, akamwambia, "Uongo umeurithi kwa baba." Mke wangu naye akajibu jambo nisiloweza kuliandika. Wakanuniana. Watu wazima wawili, mmoja msimamizi wa ghala, mwingine mwalimu wa chekechea, wakawa hawasemezani hata salamu. Jumapili ya kubadilishana, dada mtu alimshusha mama getini, akapiga honi, akaondoka kwa miguu pua juu kabla mlango haujafunguliwa.

Basi maneno yote yakawa yanapita kwa mama. Na mama, jamani, alikuwa na namna yake ya kuyapitisha. Siku moja nilikwenda kumchukulia dawa zake kwa dada mkubwa, nikamsikia shemeji kwa masikio yangu: "Mwambie huyo mwanao gari si jaa. Aondoe maganda yake ya machungwa." Mama alipofika kwetu, akaketi, akavua viatu, akasema, "Dada yako anakusalimu. Anasema gari linanukia machungwa." Mke wangu akanuna kidogo tu, kisha akatabasamu. Nikacheka moyoni. Nani angemkemea mama anayetafuta amani kati ya wanawe?

Juma lile la mwisho mama alifika kwetu amevimba miguu. Mashine za hospitali ziliharibika Ijumaa, akakosa zamu. Daktari alikuwa ametuambia waziwazi kwamba ya Jumatatu asiikose, liwe liwalo. Mke wangu akamuuliza mama, huku akijifanya hajali, "Mwenye gari lake amesemaje?"

"Anakusalimu sana," mama akasema. "Anasema gari halina neno. Uendeshe kwa amani."

Asubuhi mke wangu alijaza rejeta kama kawaida, tukaondoka mapema. Mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye kilima malori yalikuwa yamepanga foleni kwa sababu ya ukarabati wa barabara, tukawa tunapanda kwa kusimama na kusogea, kusimama na kusogea. Mama alikuwa anahema kwa shida, nimemshika mkono. Harufu ilianza kabla ya moshi. Mke wangu akasema, "Ni la mbele hilo, lori." Halikuwa lori. Kitu kikagonga ndani ya injini, kigari kikatetemeka, kikazima. Alipofungua boneti, mvuke ukamrukia uso mzima. Gari lilikuwa limechemsha mpaka injini imenoki. Hata tungekuwa na mto mzima wa maji pale, lisingewaka.

Alirudi ndani amelowa, analia kwa hasira. "Dada mwenyewe kasema halina neno! Kasema niendeshe kwa amani!"

Mama akasema polepole, pumzi zinakatika, "Hakusema hivyo."

"Unasemaje, mama?"

"Alisema rejeta imezidi kuvuja. Usipandishe kilima bila kusimama kuongeza maji, na dumu liwe ndani ya gari. Na kwamba ukiua injini kwa uvivu wako, usimtafute." Akafumba macho. "Lilikuwa neno baya, mwanangu. Nikaliacha lote."

Mimi nilikasirika. Nilimkasirikia mgonjwa niliyemshika mkono, Mungu anisamehe, na hasira hiyo bado ninayo.

"Dada yako asijue," mama akasema. "Hatanisamehe."

Dereva wa lori la kokoto alikuwa tayari kutubeba, lakini mama hakuweza kupanda ngazi za kibanda cha dereva, na tulipojaribu kumnyanyua akashindwa kupumua. Tulisimama kwenye mvua tukipungia mikono kila gari, na magari yenyewe yalikuwa yamekwama kama sisi. Tulipopata la kutufikisha, saa za zamu yake zilikuwa zimeisha. Muuguzi hakuwa mkatili. Alituonyesha tu kitanda, na juu yake mzee wa watu ameshaunganishwa na mirija. "Nikimtoa huyu, namuua," akasema. "Mama nitamweka kwenye oksijeni. Mashine itakayofunguka kwanza ni yake."

Mashine haikufunguka mapema ya kutosha. Mama alifariki jioni ileile, dada mkubwa, niliyempigia simu tulipofika hospitali, akiwa amempakata kichwa, mke wangu amesimama ukutani.

Baada ya mazishi, wageni walipokwisha kutawanyika, dada mkubwa alibaki sebuleni kwetu. Akamgeukia mdogo wake, uso kwa uso. Sikumbuki mara ya mwisho walipotazamana hivyo.

"Nakuuliza mara moja tu. Mama alikupa maneno yangu?"

Nikafungua mdomo. Ningesema yote, naapa. Mke wangu akaniwahi.

"Alinipa."

"Ya kilima? Ya dumu la maji?"

"Yote. Alinieleza neno kwa neno. Mimi ndiye niliyepuuza."

Shemeji hakupiga kelele. Alisimama, akajifunga kanga vizuri. "Basi mimi sina mdogo," akasema. "Nilikuwa na mama, na wewe umemuua." Akatoka. Mke wangu alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kochi, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Kwa nini?" nikamuuliza. "Kwa nini ujibebeshe? Mama mwenyewe ndiye..."

"Usimalizie," akasema. "Dada hakuwa na mtu mwingine duniani. Hana mume, hana mtoto, alikuwa na mama tu. Mwache abaki naye."

Nikanyamaza, na mpaka leo nimenyamaza. Juzi nilimwona shemeji sokoni, amekonda. Nilimwamkia akageuza uso, na mke wangu, aliyekuwa nyuma yangu na kikapu, akaniomba tupite njia nyingine.