Swali la Mke wa Redio

Kazini walimwita Redio, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Alikuwa fundi wa mitambo ya oksijeni hospitalini, mikono ya dhahabu, ila mdomo haukuwa na mlango. Ukimpa siri asubuhi, ikifika adhuhuri mlinzi wa getini anakupa pole. Mkewe, msusi, alikuwa kinyume chake kabisa. Wanawake waliketi mbele yake wakamwaga ya ndani ya nyumba zao, na yote yaliishia pale pale kwenye kitana. Mungu hupenda kuoanisha watu namna hiyo, sijui kwa mzaha au kwa huruma.

Sasa Redio alikuwa anasafiri. Nchi aliyotumwa ilikuwa na vita visivyoisha, na mafundi wageni walitekwa barabarani mchana kweupe. Shirika lililompeleka lilikuwa na mwalimu wa usalama, mtu mzima mpole mwenye sauti ya chini. Aliwakalisha mume na mke ofisini akawaambia mambo bila kupepesa macho. Mume akitekwa, watekaji watampigia mke. Asilie, asiahidi kitu. Aulize swali moja tu, ambalo jibu lake halijulikani na mtu mwingine duniani isipokuwa wao wawili. Jibu likija sawasawa, mumewe yu hai. Lisipokuja, alisema mwalimu, halafu hakumalizia.

Kutafuta swali hilo kulikuwa kazi kubwa kuliko kufunga mizigo. Picha za harusi zilikuwa mtandaoni. Jina lake la utotoni lilijulikana na mtaa mzima. Mwishowe mke, akikunja mashati ya safari, alisema polepole kwamba liko jina. Mimba yao ya kwanza ilitoka kabla hawajamwambia mtu, hata mama mzazi. Mtoto huyo walikuwa wameshampa jina, na siku ile walilitaja wakalia, kisha hawakulitaja tena. Redio aliketi kitandani juu ya soksi zake akasema, "Hilo sijamwambia mtu." Na ilikuwa kweli. Mkewe alimpenda sana saa ile, pamoja na kelele zake zote.

Siku ya kuondoka, Redio alitangulia ofisini kuchukua hati zake. Mkewe alikuwa na kichwa cha mteja kilichosukwa nusu simu ilipoita, namba ngeni. Akatoka uani. Sauti ngumu ikamwambia kwamba wanaye mumewe. Alijua ni jaribio, mwalimu alishamwonya kwamba litakuja. Hata hivyo akashika ukuta. Hakulia, hakuahidi.

"Mtoto wetu wa kwanza tulimpa jina gani?" akauliza.

Ile sauti ikalitaja. Mimi silitaji hapa. Limeshapita kwenye midomo ya kutosha.

Hakuna mgeni aliyewahi kulitamka, na mwanamke yule alihisi mtu ameingia chumbani kwake na viatu. Sauti ikalainika, ikawa ya mwalimu. Alimsifu kwamba amefanya vizuri, lakini hakusikika mwenye furaha.

"Ulimbana ndipo akakwambia?"

"Hapana, mama. Tulikuwa tunakunywa chai. Nilimuuliza tu."

Mwalimu alisema atawaeleza wakubwa kwamba Redio hafai kutumwa, ila mke asitegemee kitu. Tiketi imeshakatwa, na kule wagonjwa wanakata roho kwa kukosa hewa.

Redio alirudi nyumbani akipiga mluzi. Mkewe hakumpa hata nafasi ya kukaa. Redio akajitetea: kwani mwalimu si mtu wao? Asiyemwamini anayemlinda atamwamini nani? Basi wakaanza kutafuta swali jingine huku sanduku limeshasimama mlangoni. Mke akakumbusha siku yeye mwenyewe alipofungasha virago kumwacha, akafika stendi, akarudi kabla hajaonekana. Wifi anaijua, Redio akakiri. Kovu la mgongoni? Karakana nzima imeliona na kusimuliwa. Na yale waliyokubaliana kitandani kuhusu mama mkwe? Hapo Redio alitazama dari, kwa sababu mama mkwe mwenyewe alishaambiwa. Siku nyingine wangecheka mpaka mbavu ziume. Sasa kila alichokigusa mkewe kilikuwa kimeshagawiwa watu, na maisha yao yote hayakuwa na kitu cha wawili.

Gari la shirika likapiga honi nje.

"Sasa utauliza nini?" Redio akasema, bado anatabasamu ili yaishe.

"Nitauliza lile lile. Nao watajibu sawasawa, kwa sababu utakuwa umeshawaambia kwenye kikombe cha kwanza cha chai. Watalijibu hata ukiwa umeshazikwa, mume wangu. Na mimi nitakaa hapa namshukuru Mungu kwamba u hai."

Tabasamu likamtoka. Akabeba sanduku akatoka. Dereva alimsalimia, hakuitikia. Akaketi kiti cha nyuma, akafunga mlango taratibu.

Mkewe alimfuata mbio hadi dirishani. Hasira ilikuwa imekwisha yote, imebaki hofu tupu.

"Sema kitu," akamwambia. "Sema chochote."

Redio alimtazama, midomo ameibana, mpaka gari likakata kona.