Jirani wa Kotoha

Kila asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote, Mwalimu Ushio aliandika ubaoni swali moja la hesabu. Moja tu. Mtoto wa darasa la tatu, alipenda kusema, ukimpa maswali ishirini unamgeuza mashine ya kusaga. Ukimpa moja, analala nalo na kuamka nalo. Lilikuwa swali la maneno kila siku. Mtu ana utepe anaukata vipande, au basi linaondoka na abiria, wengine wanapanda na wengine wanashuka. Mwanafunzi analisoma, analitatua kwa njia yake, kisha anamgeukia jirani yake na kumweleza alivyofanya. Jirani naye anaeleza ya kwake. Wanabishana, na mwisho kila mmoja anaandika chini ya ukurasa jambo moja alilojifunza kwa mwenzake. Mwalimu Ushio alikuwa amefundisha hivyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hakujua kufundisha vingine.

Shida ni kwamba Kotoha hakuwa na jirani. Darasa la tatu la shule ile ya bondeni lilikuwa na mwanafunzi mmoja, na huyo mmoja ni yeye. Chumba cha pili walikuwepo mapacha wa darasa la sita, wavulana wa makelele waliofundishwa na mwalimu mkuu, na hao Machi, mwaka wa shule ukiisha, wangemaliza na kwenda zao. Chini ya Kotoha hakukuwa na mtoto hata wa dawa. Bonde lilikuwa limezeeka. Nyumba nyingi zilifungwa mbao madirishani, mashamba ya mpunga yalimezwa na nyasi, na nguruwe mwitu walipita barabarani mchana kweupe kana kwamba wao ndio wanaolipa kodi.

Basi kila siku Kotoha alitatua swali lake, akageuka, akakuta dawati tupu. Ile nafasi ya chini ya ukurasa aliiacha wazi. Mwalimu alipomwambia aandike chochote tu, aliandika, kwa mwandiko safi, "Hakuna mtu." Mwalimu Ushio alisoma maneno hayo na akayabeba moyoni mpaka jioni.

Asubuhi iliyofuata mvua ya Juni ilikuwa ikinyesha. Kotoha alipoinua kichwa kutoka kwenye daftari, ubaoni palikuwa na njia ya pili ya kulitatua swali, imeandikwa kwa herufi zilizopinda, na juu yake jina: Shohei. Jibu lilikuwa limekosewa. Mwalimu alikuwa amesimama kando, anatazama mvua dirishani kama mtu asiyehusika.

Kotoha aliutazama ubao, akamtazama mwalimu, akarudi ubaoni.

"Huyu ana mwandiko mbaya," alisema mwishowe.

"Sana," Mwalimu Ushio alikubali. "Lakini tumsikilize amefikiria nini."

Hivyo ndivyo Shohei alivyoandikishwa shule. Alikuwa mtoto wa kupenda kuchora. Badala ya kuzidisha, alichora vikapu na machungwa hadi ubao ukajaa. Alisahau kubeba moja. Alichanganya dakika na saa. Kotoha alisimama mbele ya ubao, mikono kiunoni, akamgombeza: wewe Shohei una haraka gani, umesoma nusu ya swali ukakimbia. Alijifunza pia kumsemea, kwa kuwa mwenyewe hakuwa na mdomo. Angeuliza, angejibu kwa sauti nzito kidogo, angepinga, na mwisho Shohei angekubali kwamba amekosea. Siku zote alikubali. Chini ya ukurasa Kotoha aliandika, "Nimejifunza kwa Shohei kwamba kuchora kunasaidia, ila asichore sana."

Mwalimu Ushio alijipongeza. Tuseme ukweli, alifanya zaidi ya kujipongeza: alianza kuishi kwa ajili ya saa ile. Mkewe Nobue alikuwa amefariki, watoto hawakujaliwa kupata, na ile nyumba ya mwalimu kando ya uwanja ilikuwa na baridi mpaka kwenye vikombe. Jioni alipika wali wa mtu mmoja, akaula na supu, na alipokuwa akiosha bakuli lake moja alijikuta akiwaza: kesho Shohei akosee wapi? Wakati mwingine alicheka peke yake jikoni. Baada ya kucheka, ukimya uliorudi ulikuwa mzito kuliko wa mwanzo, naye aliharakisha kufungua redio.

Mwezi wa kumi na mbili Mama Kotoha alikuja shuleni. Alikuwa karani wa posta ndogo ya bondeni, mwanamke wa maneno machache. Alieleza kwamba mapacha wakimaliza, binti yake atabaki peke yake shule nzima. Baba mtu alikwishapata nyumba mjini, chini kule, na huko shule ya msingi ina madarasa yaliyojaa watoto. Kotoha akihama, shule ya bondeni itafungwa. Akikaa, serikali itaiacha wazi kwa ajili yake.

"Nimemuuliza anataka nini," Mama Kotoha alisema. "Anasema hataki kuhama. Sababu hasemi. Wewe ndiye unayemjua darasani, Mwalimu. Utakachosema ndicho tutakachofanya."

Mwalimu Ushio alimwomba ampe muda. Hakuhitaji muda wowote. Jibu alikuwa nalo tayari, na lilikuwa jibu la mchoyo. Alibakiza miaka miwili astaafu. Shule ikifungwa, angepelekwa idara ya elimu mjini kupanga mafaili hadi siku ya kuagwa, na asingesimama tena mbele ya mtoto maishani mwake. Mtoto mwenyewe hataki kuhama, alijiambia. Ana maendeleo mazuri, na ana Shohei. Aliyarudia maneno hayo kila siku, na kila siku yalimtuliza.

Ikaja Februari na siku ya kusoma pamoja, ambapo watoto wa shule ndogo za milimani hupelekwa kukaa siku moja na wenzao wa mjini. Mwalimu Ushio alimchukua Kotoha kwa gari lake, barabara ikiwa nyeupe kwa theluji. Kotoha alivaa soksi mpya na njia nzima hakusema neno. Darasa walilomwingiza lilikuwa na joto na kelele na harufu ya makoti mabichi. Walimkalisha karibu na msichana aitwaye Hinano, mwenye pengo la meno ya mbele, anayetafuna penseli kama panya.

Saa ya kwanza ilikuwa hesabu. Mwalimu wa pale, kijana mchangamfu, aliandika swali: kuna keki ndogo za manju ishirini na tatu, kila sanduku linaingia manju nne, ili zote ziingie, yanahitajika masanduku mangapi? Mwalimu Ushio, akiwa amesimama nyuma pamoja na wageni wengine, alitabasamu. Swali la namna hii Shohei aliwahi kulikosea, na Kotoha alimnyoosha sawasawa. Watoto waliinama, wakaandika, kisha kijana akapiga makofi akasema kila mtu amgeukie jirani yake.

Kotoha aligeuka.

"Wewe umesema matano," alimwambia Hinano, kwa ile sauti ya mikono kiunoni. "Umeona yamejaa matano ukaacha. Tatu zilizobaki umezisahau."

Hinano aliitoa penseli mdomoni. "Mimi sijasema kitu."

"Umesema matano kwa sababu una haraka," Kotoha aliendelea, na hapo hapo akashusha sauti, akaifanya nzito, akajijibu: "Ndiyo, nilikuwa na haraka. Nimekosea. Ni sita."

Mvulana wa dawati la mbele aligeuka. Akamgusa mwenzake, na mwenzake akageuka.

"Huyu anajijibu mwenyewe," mvulana alisema. "Amekuja na watu wake."

Walicheka, si kwa ubaya mkubwa, kicheko cha kawaida cha watoto. Kotoha alifunga mdomo. Uso ulimwiva mpaka masikioni, akainamia daftari kana kwamba ameangusha kitu ndani yake. Kule nyuma Mwalimu Ushio alitamani sakafu ipasuke immeze. Aliona sasa, wazi, alichokifanya. Alidhani amempa mtoto rafiki, kumbe amemfundisha kukaa peke yake hata akiwa katikati ya watu. Alimfundisha kwamba jirani hana sauti mpaka wewe umtolee, na kwamba jirani daima hukubali.

Hinano alimsogezea daftari lake.

"Mimi hata sikufikisha sita," alisema. "Mimi ni matano."

Kotoha hakuinua kichwa. "Tatu zinabaki."

"Hizo nakula."

Kotoha akainua kichwa.

"Huwezi kuzila. Swali linasema zote ziingie."

"Linasema ziingie kwenye sanduku. Mimi naziingiza tumboni. Hakuna anayefungasha manju asionje hata moja, hata bibi yangu anaonja."

"Huo si utatuzi, huo ni ulafi."

"Andika basi sanduku la sita ni mimi."

"Siandiki."

"Andika."

Na Kotoha alicheka. Alicheka mpaka akaweka paji la uso juu ya meza, kisha akainuka kubisha tena, kwa sauti kubwa, kwa mikono, akichora masanduku na kuyakata. Hinano hakukubali hata chembe. Walipoambiwa wanyamaze waliendelea kwa kunong'ona. Mwalimu Ushio hakuwahi kuisikia sauti ile ya Kotoha. Tangu Juni alikaa jikoni akibuni makosa, na hata siku moja hakuwahi kubuni mtoto anayekula swali. Alimwonea wivu yule msichana mwenye pengo, wivu wa kweli wa kuchoma, mzee mzima na tai shingoni.

Njiani kurudi Kotoha alizungumza kutoka mjini hadi kwenye daraja la bonde. Hinano ana paka. Hinano anaogopa kuogelea. Hinano amesema hata swali la utepe yeye angelitatua kwa kufunga utepe kichwani. Walipofika darajani alinyamaza ghafla, akamtazama mwalimu kwa pembeni, na hakumtaja Hinano tena.

Kesho yake mchana Mwalimu Ushio alikwenda posta. Hakukuwa na mteja mwingine. Alisimama mbele ya dirisha la Mama Kotoha bila barua wala kifurushi, akajikaza kisabuni, akasema mtoto apelekwe mjini. Mama Kotoha aliinama kwa heshima, akamshukuru, kisha akasema bado mtoto anakataa katakata, hata baada ya jana.

"Labda wewe ukimwambia," alisema.

Mwalimu Ushio alifikiri anajua kinachomzuia. Asubuhi iliyofuata aliandika swali ubaoni kama kawaida, ila upande wa Shohei aliuacha mtupu. Kotoha alimaliza, akageuka, akangoja.

"Shohei amechelewa leo," alisema.

Mwalimu alivuta kiti cha dawati la pili akakikalia. Kilikuwa kidogo, magoti yalimfika kifuani. Alikuwa ameandaa maneno kama ya kupeleka habari za msiba.

"Kotoha, Shohei hayupo. Hajawahi kuwepo. Ni mimi niliyemtunga, nikawa namwandikia kwa mkono wa kushoto."

"Najua, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya mvua. Mkono wako wa kushoto ulikuwa na chaki."

Mwalimu Ushio alitazama mkono wake kana kwamba chaki bado ipo. Alihisi aibu, na nyuma ya aibu nafuu. Basi hakuna kinachomfunga, alimwambia. Kule kuna Hinano, kuna watoto wa kubishana nao mpaka koo likauke. Kwa nini hataki kwenda?

Kotoha alizungusha kifutio chake mezani.

"Mama anasema nikienda shule inafungwa, na wewe unapelekwa ofisini."

"Ni kweli."

"Ofisini kuna mtu wa kubishana naye?"

Mwalimu aliyawaza yale mafaili.

"Mimi nilidhani Shohei ni wa kwako," Kotoha alisema, akiwa hamtazami. "Nilidhani wewe ndiye huna rafiki. Ndiyo maana kila siku nilikuwa namngoja. Sasa nikihama utamwandikia nani?"

Machozi yalimlenga Mwalimu Ushio, na hakuwa na leso. Alikaa kwenye kiti kile cha mtoto, akatazama upande mtupu wa ubao.

"Umefikiria vizuri," alisema. "Lakini upweke wangu si swali lako. Ni swali langu mimi, na mimi ni mtu mzima, nitalitatua au litanishinda. Wewe utakwenda."

"Hilo ni agizo?"

"Ni agizo."

Kotoha aliitikia kwa kichwa, taratibu. Aliinamia daftari na pale chini ya ukurasa hakuandika kitu. Kisha aliuliza kama hiyo ofisi ya mjini iko karibu na shule ya kina Hinano, labda akitoka darasani anaweza kupita dirishani kwa Mwalimu.

Iko ng'ambo ya mto, upande mwingine kabisa wa mji. Ingekuwa rahisi kusema ni karibu.

"Ni mbali," Mwalimu Ushio alimwambia, kwa kuwa hakutaka kumtungia kitu kingine tena.