Kupe wa Shingoni mwa Dorice

Nyumbani kwa Mzee Lyamba, pale Majimoto, dawa ya kupe ilikuwa moja tu, na ng'ombe na watu walitumia hiyo hiyo. Kitambaa kilichovywa kwenye dawa ya josho, kupe akapakwa mpaka alegee, kisha mtu akamkwanyua kwa kucha. Ndivyo ilivyofanywa tangu zamani, na aliyehoji aliitwa mjuaji.

Restituta, mke wa Edgar mwana wa mzee huyo, aliwahi kunyamaza, na kunyamaza huko kulimtokea puani. Mwaka jana walimpaka mwanawe mkubwa, Felisiani. Dawa ikamchubua, kichwa cha kupe kikabaki ndani, kidonda kikatunga usaha, mtoto akalala na homa siku sita. Eti upepo mbaya. Upepo gani, jamani! Nesi wa zahanati ndiye aliyemweleza ukweli, akamfundisha na namna ya kumtoa kupe. Restituta alirudi na hasira asiyokuwa na pa kuiweka.

Kwa hiyo asubuhi hii, mama mkwe wake Kasilda alipomwona kupe ameganda shingoni mwa Dorice, mtoto wa miaka minne, akaenda kuchukua chupa ya dawa, Restituta alimpakata binti yake akaketi naye kizingitini, penye mwanga. Liwalo na liwe, alijisemea.

"Mama, hiyo chupa irudi bandani. Mwanangu si ndama."

Mkamwana kusema hivyo mbele ya baba mkwe! Kasilda alikuja juu. Akamwambia kwao Ikola ni watu wa dagaa, kupe wamewajulia wapi, na mke asiyesikia hurudishwa kwao. Mzee Lyamba akamwagiza Edgar amchukue mtoto. Restituta alimkazia mumewe macho, maana akimwachia Dorice leo, hatasikilizwa tena katika nyumba ile. Edgar alisogea, akapiga magoti, akakishika kichwa cha mtoto kisitikisike.

Restituta akatoa kibano chake cha nyusi, kile alichosimangwa nacho tangu aolewe, akakifuta kwa spiriti. Akamshika kupe karibu kabisa na ngozi, pale mdomo ulipozama, siyo tumboni, akavuta kwenda juu polepole, bila kuzungusha wala kuminya. Ngozi ikainuka kidogo. Dorice akalia. Kupe akatoka mzima, miguu ikichezacheza. Restituta akamfungia kwenye kichupa, akaosha shingo ya mtoto kwa sabuni, kisha akanawa mikono.

"Na homa ikija?" Kasilda aliuliza, dawa ya josho bado mkononi.

"Ikija tutakwenda zahanati, na huyu kupe nitamwonyesha nesi. Tukimaliza tutarudi hapa. Mimi sirudishwi popote, mama. Hapa ni kwangu."