Mawe ya Faini

Habari njema zilimfikia Injinia Mbaluka siku ya Jumanne, akiwa shambani kwake Kilungu anapogoa maparachichi, na tangu Jumanne hiyo hakumaliza sahani hata moja. Binti yake Yvonne ndiye aliyesoma ile barua pepe, akapiga kelele mpaka majirani wakaja na fimbo wakidhani kuna nyoka. Kuna kamati huko ng'ambo inayotoa tuzo tatu kila mwaka kwa watu waliofanya kazi kubwa maisha yao yote. Ya sayansi ilimwendea mama mmoja anayechunguza nyota. Ya falsafa ikamwendea mzee aliyeandika vitabu vinene kuhusu haki. Na ya teknolojia? Ya teknolojia ilimwendea Mbaluka wa Kilungu, miaka sabini na minane, kwa ajili ya mabwawa yake ya mchanga.

"Baba, mbona hufurahi?" Yvonne aliuliza.

"Si nimefurahi," alijibu, kwa sauti ya mtu anayeumwa na jino.

Kilichomsumbua kilikuwa sentensi moja. Kamati ilikuwa imetuma maelezo yatakayosomwa mbele ya dunia nzima Jumatatu, na ilimtaka ayakubali kabla ya Jumamosi. Yalisema kwamba Mbaluka "aligundua peke yake" mahali hasa pa kujenga ukuta katika mto wa msimu, ili mchanga ujae nyuma yake na kutunza maji hadi kiangazi kiishe. Peke yake! Mzee alisoma maneno hayo mawili akayarudia. Alijua vizuri sana ni nani aliyegundua. Ni Kathini wa Tulia, kijiji cha huko Kitui.

Mwaka wa 1986 Mbaluka alikuwa injinia mwenye diploma na buti zinazong'aa, na tayari alikuwa amejenga kuta tatu huko Kitui. Zote tatu maji yalipita chini yake, yakaenda zake. Alipokuwa akipima mahali pa nne, Kathini, ambaye watu walimwita Mama Nyamai na aliyeongoza mwethya wa pale, yaani wanakijiji wanaokutana kila Alhamisi kufanya kazi kwa pamoja, alimshika mkono kabisa.

"Injinia, kwani wewe huoni punda?"

Akamwonyesha. Hatua mia mbili juu, punda walikuwa wamechimba mchanga kwa kwato, wanakunywa. Ilikuwa Oktoba, jua linawaka, mto mkavu kila mahali. "Hapo chini mwamba uko karibu," Kathini alisema. "Maji yakifika hapo yanakwama. Sisi tunachota hapo tangu nyanya zetu." Mbaluka alijenga hapo, na ukuta ule uko mpaka leo. Kisha akaandika ripoti. Ndani ya ripoti kulikuwa na mwamba, na michoro, na hesabu. Kathini hakuwemo. Hata punda hawakuwemo! Wasomi wakaiita Njia ya Mbaluka, naye akajiambia kwamba atarekebisha toleo likichapishwa tena. Halikuchapishwa tena. Miaka ikaenda, aibu ikaota mizizi, na kila kazi ilipotokea upande wa Tulia, alituma vijana wake.

"Twende tukamwone," Yvonne alisema baada ya kuambiwa yote. Hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi.

Alhamisi walipita Machakos, wakapita Kitui mjini, mzee akiwa amevaa suti nyeusi ya harusi na mazishi. Njia nzima alikuwa akimwona Kathini akilini, akimfukuza kwa mwiko, watu wa soko wamejaa wanatazama. Na angekuwa na haki. Mbaluka alishaamua: mama huyu akisema hapana, ataiandikia kamati kuikataa tuzo, basi.

Huko Tulia, Yvonne alibisha mlango wa Kathini mara tatu. Ndani kulisikika kiti kikiburutwa, kisha kitu kikagonga ukuta. Mlango ulipofunguka, Kathini alikuwa anahema. Alikuwa amezeeka, mgongo umepinda, lakini macho ni yale yale.

"Asi! Injinia!" alisema. Akamtazama Yvonne, koti lake, mkoba wake. "Na huyu ni wakili?"

Mbaluka alirudi hatua moja nyuma. Kumbe mama alishajua, na alishafikiria mambo ya korti!

"Ni binti yangu, Mama Nyamai," alisema upesi. "Anaitwa Yvonne."

"Shikamoo, mwaitu," Yvonne alisema, akimwita mama kwa Kikamba.

Waliketi. Chai ililetwa, hakuna aliyeigusa. Ukutani kulikuwa na fremu moja kubwa iliyogeuzwa, mgongo wake wa mbao ukiwatazama wageni. Mbaluka aliiona lakini hakuijali, kwa sababu alikuwa akipanga maneno yake. Mwishowe alitoa karatasi mfukoni, akasoma ile sentensi, akaitafsiri kwa Kikamba neno kwa neno. Akaeleza kuhusu ripoti, na punda, na miaka arobaini ya kukwepa Tulia.

"Nilikuibia, Mama Nyamai. Nimekuja kukuambia hivyo. Tuzo hii ukisema nisiichukue, sitaichukua."

Kathini alimkodolea macho. "Ni hayo tu?"

"Hayo tu?"

"Hukuja juu ya ukuta wa ngazi?"

"Ukuta gani wa ngazi?"

Hapo Kathini alishusha pumzi ndefu, akafunika uso kwa leso, mabega yakaanza kutikisika. Mbaluka alidhani analia, akainuka kumbembeleza. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka machozi, kisha akasimama akaigeuza ile fremu. Kilikuwa cheti chenye mhuri mwekundu, na kiliandikwa: Kwa Mama Kathini, mbunifu wa ukuta wa ngazi.

Mbaluka alisogea karibu. Chini ya cheti palikuwa na mchoro mdogo, na mchoro huo aliutambua hata kabla ya kuvaa miwani. Ulikuwa umechorwa kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa ameuacha Tulia mwaka ule, ukuta unaoshuka kwa vipandio ili mafuriko yasichimbe msingi.

"Niliuweka kwa debe la chumvi," Kathini alisema. "Nimejenga nao kuta kumi na tisa, mpaka Mbooni nimeitwa. Wakiniuliza nilisomea wapi, nasema ni kichwa changu. Hata kanisani nilitoa ushuhuda kwamba Mungu alinionyesha kwa ndoto. Mchungaji akasema amina! Sasa leo naona gari, naona suti, nikajua nimeshikwa."

Mbaluka alijaribu kuweka uso wa mzee mheshimiwa, ikashindikana. Kicheko kilimtoka, na Yvonne akawatazama wazee hao wawili wakipigana mabega kama watoto wa shule.

"Basi mama, niichukue?"

"Mimi si wa kuulizwa peke yangu," Kathini alisema akifuta macho. "Leo ni Alhamisi. Wako mtoni."

Hapo ndipo mzee alipoitazama suti yake, kwa sababu sheria ya mwethya hakuwa ameisahau. Anayekosa kazi bila kutuma salamu hulipa faini ya mawe, ayabebe mwenyewe kutoka ukingoni hadi kwenye ukuta. Na watu walikuwa wakijenga ukuta mpya huko.

Huko mtoni wanakijiji walimsikiliza wakiwa wameegemea koleo. Kisha wakamsikiliza Kathini, na hapo kelele zikawa kubwa zaidi. "Kwa ndoto, eh?" mmoja alipaza sauti. Katunge, mwenyekiti wa sasa, mwanamke mnene mwenye kofia ya jua, aliinua mkono.

"Injinia amekosa Alhamisi za miaka arobaini. Tukimhesabia zote tutamzika hapa. Jiwe moja. Na Mama Nyamai, jiwe moja. Tuzo achukue, lakini majina yote yaandikwe. La mama, na la mwethya."

Mbaluka alivua koti. Alichagua jiwe dogo, wakamzomea, akalirudisha akachukua la maana. Suruali ilichafuka, na alipoliweka juu ya saruji mbichi alihisi mwili mwepesi ajabu. Nyuma yake Kathini aliweka lake. Yvonne, akiwa amesimama juu ya mwamba ili apate mtandao, alituma maelezo mapya.

Jibu la kamati liliwakuta kwa Kathini wakila muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Waliandika kwamba wanashukuru, kwamba maelezo yamebadilishwa, na kwamba wangependa kujua kama Mama Kathini anaweza kusafiri. Mbaluka alisikiliza, akafumba macho, akasema asante Mungu kwa sauti. Halafu akasukuma sahani mbele aongezwe, mara ya tatu.

Kathini alimpakulia, lakini uso wake ulikuwa umerudi kuwa mzito.

"Wewe umemaliza," alisema. "Mimi bado Jumapili. Nitasimama vipi mbele ya Mchungaji niseme haikuwa ndoto?"

"Nitakuja," Mbaluka alisema.

"Kutoka Kilungu?"

"Nitakuja. Nitakaa kiti cha mbele."