Mkusanyaji wa Mayai ya Makutupora

Baba yangu, Mzee Yoramu Chilongani, amevunjika mguu mara moja tu maishani, na aliuvunja kwa ajili ya yai la mwewe. Alikuwa na miaka kumi na sita. Mzungu mmoja aliyekuwa akikusanya mayai ya ndege alimwonyesha kiota juu ya mgunga, hapa Makutupora, naye akapanda. Yai lilifika chini salama. Baba hakufika salama, na hadi leo anachechemea.

Mzungu alipoondoka nchini alimwachia boksi moja. Limekaa uvunguni miaka sitini na ushee. Ndani mna mayai ishirini na mawili yaliyotobolewa na kupulizwa mpaka ute ukaisha, maganda matupu juu ya pamba. Kila yai lina kikaratasi chenye jina la ndege, tarehe na jina la mkusanyaji. Mkusanyaji ni Mzungu, mara zote ishirini na mbili.

Mimi natengeneza filamu. Si zile za mapenzi na majini. Zangu ni fupi na za polepole, mama mkwe huzisinzilia. Nilimrekodi Baba siku tatu, amevaa koti lake la kanisani. Mwishoni aliitazama kamera akasema, "Mayai haya yote niliyatoa viotani mimi. Andikeni hivyo."

Filamu nikampelekea Hilda, rafiki yangu mwanasheria anayekaa mtaa wa Kikuyu. Hakusifu hata picha moja.

"Penina, mayai haya ni nyara za Serikali. Mzee ana kibali cha kuwa nayo?"

"Ana miaka themanini na mbili."

"Sijauliza umri."

Alinishauri boksi lisalimishwe. Baba akakataa katakata. "Wakiyachukua, nitabaki na nini cha kuonyesha?"

Ndege mjanja hunaswa na tundu bovu, na mimi nilijiona mjanja kweli. Onyesho la filamu lilikuwa Ijumaa, tangazo limeshabandikwa hadi Chang'ombe, na waandaaji walikuwa wamealika maofisa wa maliasili, eti kwa kuwa filamu inahusu ndege. Nikionyesha uso wa Baba, namkabidhi mwenyewe. Nikijitoa, sitaitwa tena. Nikakata uso, nikafuta jina, nikabadili sauti. Ikabaki mikono tu, ikigeuza yai.

Alhamisi asubuhi nilimwekea kompyuta mezani. Alitazama mpaka mwisho.

"Hiyo mikono ya nani?"

"Yako, Baba."

"Nani atajua?"

Nikamweleza sheria, mahakama, jela. Nikamwambia nimefanya hivyo kwa kumpenda.

"Hata yule Mzungu alinipenda," alisema. "Alikuwa akinipa sukari."

Niliona aibu. Nilitaka kumjibu kwamba mimi si kama yule, lakini filamu ilikuwa pale pale mezani, na jina lililobaki mwishoni mwake lilikuwa langu peke yangu.

Baba alichomoa kalamu kwenye mfuko wa shati. Akaandika polepole mgongoni mwa mkono wake wa kushoto, kwa herufi kubwa, akirudia wino pale ngozi ilipokunjamana: YORAMU CHILONGANI. Kisha akaulaza mkono mezani mbele yangu.

"Si umesema unataka mikono," alisema. "Haya, rekodi."

Nikawasha kamera. Kumkata mara ya pili sikuweza, na onyesho lilikuwa kesho saa kumi, mbele ya wale maofisa.